Maandalizi ya Noeli Yaanze Kiangazi

Wakristo wa Kigwa, kwenye njia ya kale ya misafara karibu na Tabora, hawana haja ya kununua mapambo ya Noeli. Johann Hinrich Wichern alipowasha mishumaa ya Majilio huko Hamburg mwaka 1839, aliipanga juu ya gurudumu kuukuu la mkokoteni, kwa ajili ya watoto maskini aliowalea. Nta Unyamwezi ipo; ila Desemba mvua imeshika na watu wako shambani. Hivyo twashauri iyeyushwe na kuchujwe mara baada ya kurina asali, na tambi za pamba zichovywe mapema. Maembe huiva yenyewe, na mkrismasi huchanua bila kuagizwa. Wali na kuku ndivyo vyenye gharama: vichangwe tangu mavuno, ili mjane naye apakuliwe.