Kila Neno na Lebo Yake

Katibu wa kwaya moja huko Ulyankulu, mkoani Tabora, ametuletea swali ambalo walimu, makarani na wenye steshenari wengi watalitambua. Anachapa nyimbo za kwaya kwa Kiswahili, nyingine zikiwa na ubeti wa Kirundi, na ukurasa mzima unajaa mistari myekundu ya mawimbi. Akabadili lugha kuwa Kiswahili, mistari ikaondoka. Kesho yake akafungua waraka mpya, Kiingereza kikawa kimerudi. Anauliza: mpangilio huu unakaa wapi, mbona hautaki kutoka?

Utamu wote wa swali umo katika hilo neno “wapi”. Mstari mwekundu tunaujua: programu imetafuta neno kwenye orodha yake, haikulikuta. Tusikae hapo. Twende moja kwa moja mahali lugha inapokaa, maana ndipo pana ufundi wa kupendeza na wengi hawajawahi kuuona.

Wengi tunadhani lugha ni sifa ya faili zima: waraka huu wa Kiswahili, ule wa Kiingereza. Sivyo. Katika Word na LibreOffice lugha ni sifa ya kila kipande cha maandishi, na kipande kinaweza kuwa kitabu kizima au herufi moja. Chukua faili lolote lenye mkia wa .docx, tengeneza nakala yake, badili mkia wa nakala uwe .zip, kisha lifungue. Kumbe ndani ni kifurushi cha mafaili madogo madogo. Katika lile liitwalo document.xml utayakuta maneno yako, na hapa na pale pembeni yake lebo fupi iliyoandikwa w:lang, ikifuatiwa na alama kama en-US au sw-KE. Msomaji wa karatasi iliyochapishwa haioni lebo hiyo kamwe. Programu huisoma kabla ya kuamua ifungue kamusi ipi.

Ndiyo maana kosa lake lina mpangilio wa ajabu. Andika “Mama alikuwa pale” kwenye ukurasa wenye lebo ya Kiingereza, utaona mstari chini ya “alikuwa” peke yake. “Mama” na “pale” zinapita bila kuulizwa, kwa sababu Kiingereza nacho kina maneno yenye herufi hizo hizo. “Wake”, “vile”, “kale”, “mate”, “panda” na “safari” hupita vivyo hivyo. Mashine haikuona Kiswahili hata kidogo. Imesoma Kiingereza kilichoharibika. Kibaya zaidi ni pale inapojipa kazi ya kusahihisha. Andika “Nyumba i wapi”, na ile “i” itageuzwa kuwa herufi kubwa mbele ya macho yako, kwani kwa Kiingereza herufi hiyo ikisimama peke yake huandikwa kubwa siku zote. Mwalimu wa Kiswahili anayetunga mtihani wa sarufi anajua maumivu ya jambo hili.

Sasa tazama lebo yenyewe. Katika mafaili ya zamani, yale ya .doc na .rtf, lebo haikuwa herufi, ilikuwa namba. Microsoft ilizipa lugha namba, na mwanzo wa orodha unafuata alfabeti: Kiarabu 1, Kibulgaria 2, Kikatalani 3. Kiingereza kikapata 9. Kiswahili kilipewa 65, kikakaa katikati ya Kikirigizi chenye 64 na Kiturukimeni chenye 66, lugha za Asia ya Kati. Kisha nchi nayo ikaongezwa kwa hesabu nzuri sana: nchi ya kwanza ya lugha huongeza 1024, ya pili 2048, na kuendelea hivyo. Kiingereza cha Marekani ni 9 na 1024, yaani 1033. Cha Uingereza ni 9 na 2048, yaani 2057. Kiarabu cha Oman, kilichopewa nafasi ya nane, ni 8193. Kwa namba moja tu programu inajua lugha na nchi, na ikitaka kuzitenganisha inagawanya kwa 1024: kinachobaki ndiyo lugha. Kiswahili ni 65 na 1024, yaani 1089.

Nafasi hiyo ya kwanza ni Kenya. Tanzania haikupewa namba yake ya kudumu; hutambulika kwa herufi, sw-TZ, ambapo sw ni alama ya kimataifa ya lugha na TZ ya nchi. Kwa hiyo usishangae ukichapa barua ya kijiji cha Tabora na Word ikasema ni Kiswahili cha Kenya. LibreOffice imekwenda kinyume: kamusi yake ya tahajia ina lebo ya Tanzania, ingawa aliyeiandaa, Jason Githeko, ni Mkenya. Jambo hili linanifurahisha kila ninapolikumbuka.

Tumefika kwenye kiini. Lebo isipokuwepo, programu inafanya nini? Kwa kuwa tunazungumzia Ulyankulu, nchi iliyokuwa ndani ya himaya ya mtemi Mirambo na karibu na njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, fikiria msafara wa karne ya 19. Kila mpagazi ana mzigo wa kama frasila mbili. Mzigo mmoja umeandikwa jina la mwenyewe, mwingine haukuandikwa. Wakifika kambini mnyapara anauliza, “Huu wa nani?” Ukiwa na jina, jina ndilo linalosikilizwa, hata kama mpagazi aliyeubeba amebadilishwa njiani, hata kama umehamia msafara mwingine kabisa. Usipokuwa na jina, anatazama kundi: watu wa kundi hili wanabeba mali ya nani? Kundi nalo lisipokuwa na alama, basi mzigo unahesabiwa kuwa wa mwenye msafara. Sasa mwenye msafara akibadilika leo, mizigo isiyo na jina itamfuata bwana mpya mara moja, lakini ile yenye jina la bwana wa zamani itabaki kuwa yake mpaka mtu ainame na kulifuta jina kwa mkono wake. Tena mzigo ulioazimwa kutoka msafara wa jirani utaingia kambini na jina la huko ulikotoka. Programu ya kuandikia inafuata utaratibu huo huo: lebo ya kipande kwanza, halafu mtindo wa aya, halafu waraka, na waraka mpya hurithi kutoka kwenye kiolezo, ambacho katika Word ni faili liitwalo Normal.dotm.

Hapa nina ugomvi kidogo na istilahi. Simu na kompyuta zetu huuita mpangilio huu wa mwisho “chaguo-msingi”. Msingi naukubali, chaguo silikubali, kwa kuwa katibu wetu hakuchagua chochote. Mimi ningeuita “desturi”: jambo linalofanyika pale ambapo hakuna aliyesema vinginevyo. Desturi ya programu, desturi ya waraka. Nitaendelea hivyo.

Katibu wetu alibadili lebo za waraka mmoja, desturi hakuigusa. Katika Word, afungue menyu ya Review, aende Language, kisha Set Proofing Language, achague Kiswahili, na kabla ya kufunga dirisha abonyeze kitufe cha Set As Default na kukubali. Kitufe hicho ndicho kinachoandika kwenye kiolezo. Papo hapo aondoe alama ya tiki inayoiruhusu programu ikisie lugha yenyewe. Nyaraka zake za zamani hazitabadilika, kwa sababu ya majina yaliyokwisha andikwa kwenye mizigo. Kwa kila moja abonyeze Ctrl na A ili kuchagua maandishi yote, ndipo achague Kiswahili. Maneno aliyonakili kutoka kwenye barua pepe au faili la mtu mwingine huenda yakaja na lebo za huko, nayo atayafanyia hivyo hivyo.

Kwenye LibreOffice aende Tools, Options, kisha sehemu ya lugha, achague Kiswahili cha Tanzania kuwa lugha ya nyaraka. Pana kisanduku kidogo kinachosema mabadiliko ni ya waraka uliofunguliwa tu. Kikiwa na tiki, desturi haiguswi.

Bado kuna kibodi, ambayo wengi hawaishuku. Windows huiambia Word mwandishi anatumia lugha gani kwa kutazama kibodi iliyochaguliwa, na kibodi ya Marekani huja na lebo yake. Dawa ni kuongeza Kiswahili kwenye lugha za Windows. Usiogope kwamba herufi zitahama: kibodi ya Kiswahili katika Windows imeandikwa 0441:00000409, maana yake lugha ni Kiswahili na mpangilio wa vitufe ni ule ule wa Marekani.

Ubeti wa Kirundi usiwekewe lebo ya Kiswahili. Atengeneze mtindo wa aya, auite “Ubeti wa Kirundi”, na ndani yake aweke Kirundi, au aagize usikaguliwe kama kompyuta haina kamusi yake. Kinyamwezi nacho afanye hivyo hivyo. Kamusi ya Kiswahili lazima iwe imewekwa kwenye kompyuta, na vitenzi virefu bado vitapigwa mstari mara kwa mara.

Kazi hii haikuanza leo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, na hukumu, mihtasari na barua zinazidi kuandikwa kwa lugha hii kwenye mashine zilizofika nchini na desturi ya Marekani. Maafisa TEHAMA wa halmashauri, wa Tabora na kwingineko, kompyuta mpya ikifika wekeni Kiswahili kwenye kibodi na kwenye kiolezo kabla hamjamkabidhi karani. Ni kazi ya dakika chache, na itamfaa kila atakayeandika kwenye mashine hiyo baada yenu.