Hajakususa, Mama: Kiharusi Kinapomnyang'anya Mtu Upande wa Kushoto

Mama yule wa Tunguu alitukaribisha mkekani, kisha akatuonyesha sahani. Wali wa upande wa kulia ulikuwa umeliwa wote. Wa kushoto, pamoja na kipande cha samaki, haukuguswa. "Kila siku ndivyo hivi," alisema. "Ananilaumu simshibishi, na chakula kipo. Nikikaa kushoto kwake nikamsemesha, hanitazami. Dada zangu, baada ya miaka yote hii ya ndoa, leo amenichoka?"

Mumewe alikuwa ametoka hospitali wiki tatu kabla, baada ya kupatwa na kiharusi. Jirani alikwisha kumnong'oneza mama kwamba hapo pana mkono wa mtu. Nasi tuliokwenda kwa niaba ya akina mama wa kanisa tunakiri kosa letu. Katika ziara ya kwanza tulimwekea mzee maji kushoto, tukaona hayanywi, tukamdhania mkaidi. Aibu ni yetu, maana uuguzi tumeusomea.

Safari hii tuliizungusha sahani. Mzee akashtuka: "Kumbe kuna samaki!" Akala mpaka akamaliza. Mama akajifunika uso kwa kanga akalia.

Ndugu msomaji, hali hii ni ugonjwa unaojulikana. Kiharusi kikiumiza upande wa kulia wa ubongo, mara nyingi mgonjwa huacha kuutambua upande wa kushoto. Macho yake yanaweza kuwa mazima kabisa, kilichoumia ni ile sehemu ya ubongo inayoyaambia macho, "tazama na kule." Mwaka 1978, huko Milan, Italia, wataalamu Bisiach na Luzzatti waliwaomba wagonjwa wawili waelezee uwanja mkubwa wa mji wao kwa kumbukumbu tu. Walitaja majengo ya kulia, wakaacha ya kushoto. Walipoambiwa wajifikirie wamesimama upande wa pili wa uwanja, wakayataja yale waliyoyaacha, na yale ya kwanza wakayasahau! Basi hata katika mawazo, kushoto hutoweka.

Dalili utaziona nyumbani. Hunyoa ndevu shavu moja. Hujigonga kizingiti cha kushoto. Akicheza bao, huacha kete za mashimo ya kushoto. Akisoma, huanzia katikati ya mstari, kisha hulalamika kwamba maneno hayana maana. Na mara nyingi yeye mwenyewe hajui kama ana tatizo, ndiyo maana ukimsahihisha hukasirika.

Je, kuna matibabu?

Yapo, na mengi ni mazoezi. La kwanza ni kumfundisha kutafuta kwa macho. Njia hii ilienea tangu miaka ya 1970 kwa kazi ya Diller na Weinberg wa New York. Funga kitambaa chekundu ukingo wa kushoto wa meza, au piga mstari mwekundu pambizo ya kushoto ya ukurasa. Mwambie: "Usianze mpaka umeuona wekundu." Mpe ungo wa mchele achambue, akianzia kushoto.

La pili ni kuutumia mkono wa kushoto wenyewe, hata kama unasogea kidole kimoja tu. Ausogeze akiwa ameuweka upande wa kushoto, kabla na wakati wa kufanya jambo.

La tatu ni miwani maalumu inayosogeza kila kitu kuelekea kulia. Mwaka 1998, Rossetti na wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba mgonjwa akiivaa na kunyoosha kidole mara 50 hivi kwenye shabaha, akiivua huelekea zaidi kushoto, na nafuu ile ilidumu saa mbili au zaidi. Hiyo si kazi ya nyumbani, inahitaji mtaalamu. Wengine hutumia kioo, mgonjwa akitazama mkono mzima kana kwamba ndio uliopooza.

Tuseme kweli: mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2021 yalikuta ushahidi bado ni dhaifu, haujathibitisha tiba gani inamsaidia mgonjwa kujitegemea kwa muda mrefu. Kwa hiyo ukiuziwa dawa ya uhakika, shika fedha zako. Lakini wengi hupata nafuu katika wiki na miezi ya mwanzo, ingawa wengine hubaki na hali hiyo. Waulize wa tiba ya viungo na wa tiba kwa vitendo hospitalini mazoezi yanayomfaa mgonjwa wako.

Mama, zingatia haya

Vitu vya lazima, kama maji na kengele ya kukuita, viwe kulia anapoviona. Wakati wa mazoezi, keti kushoto, mguse mkono, mwite jina, mngoje ageuke. Jiko na chai ya moto visikae kushoto kwake. Asivuke barabara peke yake: magari ya karibu hutokea kulia atayaona, lakini ya upande wa pili hutokea kushoto. Usimvute mkono uliopooza unapomwinua. Dawa za shinikizo la damu asiziache bila kauli ya daktari. Na uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, kimbilia hospitali saa ileile.

Nawe pumzika. Mwombe shemeji au jirani akupokee hata saa moja. Kumuuguza mume si kosa ukichoka.

Tulirudi Tunguu mwezi uliofuata. Kitambaa chekundu kilikuwa mezani, na mama ameketi kushoto. Alimwita mumewe mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu, mzee akageuza shingo polepole mpaka akamwona, akasema, "Kumbe upo hapa." Mama akajibu, "Nipo, baba. Nilikuwapo siku zote."