Kubadili Mipangilio Huduma Ikiendelea

Tangu Mei 2013, mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi hapa Al Kamil wal Wafi ndiyo nafasi ya wenye ndugu Unguja na Pemba kupiga simu na kutuma fedha. Kule Zanzibar siku hiyo ni ya kazi. Saa nazo hazilingani. Fundi wa Muscat akisema atagusa mitambo saa sita usiku watu wakiwa wamelala, Zanzibar ni saa tano tu, na yuko mtu bado anasubiri fedha za hospitali. Huduma inayovuka bahari haina saa ya kulala, ndiyo maana huwekwa kwenye klasta.

Klasta ni seva mbili au zaidi zinazolindana. Moja inabeba huduma, nyingine iko tayari, na muda wote zinajuliana hali. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili inapokea kazi. Katika Serviceguard, programu iliyotengenezwa na HP, mahitaji yote ya huduma moja hufungwa katika kifurushi: programu yenyewe, diski zake, anwani yake ya mtandao, na taratibu za kuiwasha, kuizima na kuihamisha. Kugusa kifurushi hicho ndiko kunakohitaji adabu.

Hatari kubwa kuliko zote ni seva kutofautiana. Fundi anarekebisha seva inayofanya kazi, anaona huduma imeitika, anakwenda zake. Seva ya pili imebaki na mipangilio ya zamani, na hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeiuliza.

Kampuni ya Marekani ya Knight Capital ililipa gharama ya kosa la aina hiyo tarehe 1 Agosti 2012. Programu mpya ya kuuza na kununua hisa ilipaswa kuwekwa kwenye seva 8. Ikawekwa kwenye 7. Ile ya nane ilikuwa bado na programu ya zamani iliyoachwa kutumika tangu 2003, na maagizo mapya yakaiamsha. Kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zenye dalili za kosa, lakini hazikushughulikiwa. Katika kuhangaika, mafundi wakaiondoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa, na moto ukazidi. Ndani ya dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 440 zilikuwa zimepotea.

Kwa hiyo, chukua mipangilio kutoka kwenye klasta yenyewe kama ilivyo leo. Usiamini faili iliyobaki kwenye folda tangu mwaka jana. Weka nakala yake ya kurudia, kisha hariri nyingine. Kabla ya kuiingiza, iagize klasta iikague. Serviceguard ina amri ya kazi hiyo, na Pacemaker, programu nyingine ya klasta, hukuruhusu kujaribu mabadiliko pembeni, bila kugusa huduma. Ukaguzi utagundua diski isiyoonekana kwenye seva mojawapo. Muda wa kusubiri ulioandikwa sekunde 6 badala ya 60 utaupitisha bila neno, na hapo linahitajika jicho la mtu wa pili.

Mabadiliko yaingizwe kwa amri ya klasta, ili yafike kwenye seva zote kwa pamoja. Katika vifurushi vya Serviceguard vya mtindo wa zamani, skripti ya kuwasha na kuzima hainakiliwi yenyewe. Fundi huipeleka kwa mkono kila seva. Wengi wameumia hapo.

Wakati wa kazi, zuia klasta isihamishe huduma kwa uamuzi wake. Tarehe 21 Oktoba 2018 mafundi wa GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo wa programu, walikuwa wakibadilisha kifaa kibovu cha mtandao, mawasiliano yakakatika kwa sekunde 43. Mfumo ukahamisha mamlaka ya hifadhidata kwenda upande mwingine wa Marekani, na kila upande ukabaki na data ambayo mwenzake hana. Kurudisha hali ya kawaida kulichukua saa 24 na dakika 11. Lakini kizuizi hicho kikisahaulika, huduma itaonekana nzima huku haina tena wa kuipokea. Kukiondoa kuandikwe kwenye orodha ya kazi tangu mwanzo.

Kisha lije jaribio ambalo wengi hulikwepa kwa kuogopa kuikatiza huduma: hamisha kifurushi kwenda seva ya pili, kifanye kazi halisi huko, halafu kirudishe. Kila uhamisho hukatiza huduma kwa muda mfupi, na watumiaji wapewe taarifa mapema, kwa saa za Oman na za Afrika Mashariki. Enyi wakuu wa idara, fundi akiomba muda wa jaribio hilo, mpeni. Mabadiliko ambayo seva ya pili haijayabeba hayajakamilika.