MACHO BAADA YA MIAKA AROBAINI: SI UVIVU



Katika mashamba ya chai na katika viwanda, mfanyakazi akipita miaka arobaini huanza kupata maneno. Kapu lake lina majani magumu, uzi haupiti tundu la sindano, namba za mizani hazisomeki. Msimamizi anasema, "Huyu amekuwa mzembe." Mwenyewe ananyamaza, maana anaogopa kwamba akisema haoni, atafukuzwa. Basi jambo hili tulieleze wazi.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi. Ni kitu kiangavu na laini. Ukitazama mbali, lenzi hutulia. Ukitazama karibu, msuli mdogo huifanya inenepe, nawe unaona sawasawa. Lakini miaka inavyokwenda lenzi hukauka nguvu, kama mpira wa zamani usiovutika. Kuanzia miaka 40 au 45 hivi, hainenepi tena ya kutosha. Ndiyo maana mtu husukuma gazeti mbali mpaka mkono unakuwa mfupi, na huku mlima wa ng'ambo anauona vizuri kama zamani. Huku si kurogwa wala si uvivu. Humpata kila mtu, hata meneja.

Dawa za kienyeji za kutia machoni hazisaidii, na zaweza kupofusha. Kinachosaidia ni miwani ya kusomea. Nguvu yake huandikwa kwa namba: wengi huanza na 1, na wakikaribia miaka 60 huhitaji 2.5 hivi. Wengine husema miwani ndiyo inayoharibu macho. Si kweli. Namba inapanda kwa sababu lenzi inazidi kuwa ngumu, uvae miwani usivae.

Kuizoea miwani mpya huchukua siku kadhaa. Kumbuka haya:

1. Miwani ya kusomea ni ya karibu tu. Ukitazama mbali kwayo utaona ukungu. Hilo si kosa la miwani.

2. Usitembee nayo kwenye ngazi au mteremko, maana ardhi huonekana kama imeinuka. Ifunge uzi, uishushe kifuani unapotembea.

3. Kichwa kikiuma kidogo siku za kwanza, pumzisha macho. Kikiendelea kuuma baada ya wiki mbili, rudi ukapimwe upya. Huenda namba si yako.

4. Miwani hii haizuii cheche wala kemikali. Kwenye mashine, vaa kinga ya macho kama kawaida.

Lakini jicho likiuma sana, au kuona kukipungua ghafla, au ukiona mimweko ya mwanga, hayo si mambo ya umri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa mwajiri, ambaye husikia hesabu. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi. Wote walikuwa hawaoni vizuri karibu. Nusu walipewa miwani mwanzoni, nusu wakapewa mwishoni. Waliovaa miwani waliongeza uchumaji kuliko wenzao kwa karibu asilimia 22, na wale waliopita miaka 50 kwa karibu asilimia 32. Mikono ilikuwa ile ile na mashamba yale yale. Kilichobadilika ni macho.

Kwa hiyo kila tawi liombe mambo mawili katika mazungumzo na mwajiri: wafanyakazi waliofika miaka 40 wapimwe macho, na wanaohitaji miwani wapewe bila kukatwa mshahara. Tena mtu asiandikiwe barua ya onyo kwa kazi mbovu kabla macho yake hayajapimwa.

Nawe uliyefika umri huo, usijifiche. Mwone mwakilishi wako. Mzee wa kazi ana ujuzi wa miaka mingi mikononi. Asiupoteze kwa kukosa miwani.