Vigae vya Jaani: Vilivyotupwa China Vyatueleza Habari Zetu

Ukipita Gedi, Mambrui, Ungwana au Shanga baada ya mvua, hukosi kuona vigae vinang'aa mchangani. Kimoja cheupe chenye maua ya buluu, chengine kijani kama maji ya kina. Watoto huviokota wakavichezea, mgeni hutia kimoja mfukoni akaenda zake. Wengi wetu twajua kwa ujumla kwamba ni vyombo vya Kichina, na twajua bakuli kama hizo zilivyopachikwa kwenye kaburi la mnara la Mambrui na katika vibla vya misikiti ya kale. Lakini anayetwambia kwamba kigae hiki ni cha China, tena cha mji fulani na cha karne fulani, yeye ajuaje? Vigae vingi havikuandikwa kitu.

Jawabu liko mbali na makabati ya makumbusho. Liko jaani, palepale vyombo vilipotengenezwa.

Tuchukue mfano wa vile vya kijani. Vingi vyao asili yake ni Longquan, katika jimbo la Zhejiang, mashariki mwa China, nchi ya milima, misitu na mito. Baina ya karne ya 12 na ya 15 palikuwa na mamia ya tanuri huko. Rangi ya kijani hutokana na chuma kidogo kilichomo katika lile tabaka jembamba la kioo linalopakwa juu ya udongo, kikichomwa katika moto unaonyimwa hewa. Tanuri zenyewe zilijengwa zikalazwa juu ya mteremko wa kilima, ndefu na nyembamba, na Wachina waziita tanuri za joka. Nyengine zilipita urefu wa mita 50. Moto uliwashwa chini ukapanda hadi juu, na joto likapita nyuzi 1,200. Vyombo havikuwekwa wazi motoni. Vilitiwa ndani ya vikasha vya udongo ili majivu yasiviangukie, na vikasha vikapangwa kimoja juu ya chengine.

Mchoma chokaa yeyote wa kwetu ajua kwamba moto haupangiwi. Kuni zikiwa mbichi, upepo ukigeuka, au fundi akipotewa na wakati, mzigo waharibika. Bakuli hupinda, sahani mbili hugandana, chombo hushikana na kikasha chake, kijani hutoka kahawia. Vyote hivyo vilimwagwa kando ya tanuri pamoja na vikasha vilivyovunjika. Kila tanuri ilipofunguliwa jaa liliongezeka, na miaka ikipita likawa kilima.

Sasa angalia faida ya taka hii. Sahani nzuri iliuzwa, ikapanda jahazi, ikarithiwa, ikauzwa tena. Leo yaweza kuwa Mombasa, Istanbul au London, na hapana wa kuapa ilikotoka. Sahani iliyogandana na kikasha haikuwa na mnunuzi, kwa hivyo haikusafiri. Ilipozaliwa ndipo ilipobaki. Jaa la kiwanda, basi, ni kama daftari la vizazi: latuonesha udongo wa hapo, rangi ya hapo, nakshi za hapo na mkono wa mafundi wa hapo.

Aliyeifanya kazi hii ijulikane China ni Chen Wanli, daktari wa tiba aliyezaliwa mwaka 1892. Kabla yake, wapenzi wa vyombo vya kale walikaa majumbani wakilinganisha sahani nzima na maandishi ya vitabu. Nao wachuuzi walikwenda vijijini Longquan kutafuta vyombo vizima vya kuuza, vilivyovunjika wakavipiga teke. Mwaka 1928 Chen alifunga safari hadi Longquan, akapanda milima kwa miguu, akaokota vile vilivyopigwa teke. Alirudi tena na tena. Baadaye alifanya kazi katika Makumbusho ya Kasri la Kifalme mjini Beijing, na njia yake ya kwenda kwenye tanuri zenyewe ikawa ndiyo njia ya wote waliomfuata.

Siku hizi utafiti wa namna hii una utaratibu wake. Kwanza huulizwa wenyeji, kwa sababu mkulima ndiye ajuaye shamba ambalo jembe hugonga vigae. Kisha watafiti hujipanga mstari mmoja, kila mtu na nafasi yake, wakatembea polepole macho chini. Kila penye vigae hupimwa na kutiwa kwenye ramani. Vigae huhesabiwa vyote, vizuri na vibaya, ila vinavyochukuliwa ni vichache: ukingo, kitako, na vile vyenye nakshi, maana hivyo ndivyo vinavyosema umbo la chombo na zama zake. Jaa likionekana bado halijavurugwa, huchimbwa shimo dogo ili tabaka zake zisomwe. Kilicho chini kwa kawaida kilitupwa mwanzo, kilicho juu kilitupwa mwisho.

Miaka yenyewe hupatikanaje? Mara nyengine fundi aliandika tarehe kwenye chombo au kwenye kifaa cha tanuri. Mara nyengine husaidia bahari. Karibu na Sinan, Korea, iligunduliwa katika miaka ya 1970 meli iliyozama na maelfu ya vyombo vya Longquan, na vibao vya mbao vya shehena yake viliandikwa mwaka 1323. Kwa hivyo sahani inayofanana na za meli ile twaweza kuiweka karibu na mwaka huo.

Kuna funzo jengine huko Zhejiang. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya China ilipanga kujenga bwawa la umeme la Jinshuitan, ambalo maji yake yangefunika bonde lenye tanuri nyingi za upande wa mashariki wa Longquan. Watafiti walipelekwa kupima na kuchimba kabla ya maji kujaa. Tanuri hizo hazikuwa za vyombo vya fahari. Zilitoa vyombo vya kawaida, vingi vyao vya kuuzwa ng'ambo. Lau wangengojea, sehemu kubwa ya habari za vyombo vilivyopelekwa nchi za watu ingelala chini ya maji.

Hapo ndipo habari hii inapotufikia sisi. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walianza kuchimba pamoja Mambrui na eneo la Malindi. Kigae cha kijani kikitoka mchangani huko, hutazamwa kitako chake, kwani sahani nyingi za Longquan zina duara lisilopakwa kioo ambalo moto umeligeuza jekundu. Hutazamwa nakshi, kama vile samaki wawili ndani au majani ya yungiyungi nje. Udongo wake waweza kupimwa kwa mashine ukalinganishwa na udongo wa jaani kule. Vikiafikiana, kigae cha Mambrui kimerudishwa kwao.

Lakini tusiruke mipaka. Mambrui ilipatikana pia sarafu ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala baina ya 1402 na 1424, na watu wakashangilia kwamba Wachina walitia nanga hapo. Kweli Malindi ilimpelekea mfalme huyo twiga mwaka 1415, na merikebu za Zheng He zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo sarafu na sahani hupita mikono mingi. Zaweza kuja kupitia Calicut au Hormuz katika jahazi la Mwarabu, la Mhindi au la Mswahili. Kigae chathibitisha kilipotengenezwa. Nani alikileta, hilo lataka ushahidi mwengine.

Na sasa jambo linaloniuma. Katika miji yetu ya kale, vigae vya kigeni ni sehemu ndogo tu. Vilivyo vingi kabisa ni vya vyungu vya kienyeji, vyungu vya kupikia na mitungi ya maji iliyofinyangwa na mama zetu wa hapahapa, rangi ya udongo, having'ai. Hivyo hapana anayeviokota. Kila mwaka vile vya kung'aa huchukuliwa na watalii, wachuuzi na watoto, na mashimo ya mchanga na misingi ya nyumba huvuruga vilivyobaki. Kwa miaka mingi tulisomeshwa kwamba miji hii ilijengwa na wageni, na sababu mojawapo ni kwamba waliokuja kutazama walivutiwa na vinavyong'aa, wakavipuuza vilivyo vingi. Vigae vyote vilipoanza kuhesabiwa ndipo ilipoonekana wazi kwamba hii ni miji ya Waafrika wa pwani waliofanya biashara na ulimwengu. Hoja hiyo husimama kwa hesabu. Ukiondoa vigae mahali pake, hesabu yaharibika, na mwenye kutaka kutunyang'anya historia yetu apata nafasi.

Sheria ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa cha kale kitu chochote kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Sahani ya Longquan imo humo, na chungu cha bibi yako wa kale kimo pia. Anayevumbua kitu au mahali pa kale atakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, aeleze ni wapi hasa na alikipata vipi.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli kwa samaki. Kwa vigae tugae kwa macho tu. Ukichimba msingi au kisima ukakutana na vigae, viache vilivyo. Piga picha kwa simu, uweke sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Andika mahali na kina cha shimo. Kisha peleka habari Fort Jesus, Makumbusho ya Lamu, Gedi au afisi ya makumbusho iliyo karibu nawe. Walimu wa madrasa na wa shule nao wawapeleke watoto kwenye magofu wakawafundishe kuhesabu vigae pale vilipo na kuviacha papo hapo, cheusi cha kupikia kihesabiwe sawa na cha kijani cha Longquan.