Karani wa posta na kifurushi cha Kasoli

Barua za salamu zimepungua tangu simu za mkononi zilipoenea vijijini, lakini karani wa posta hajakosa kazi. Badala ya barua za salamu, sasa anapokea zaidi vifurushi, nyaraka za ofisi na bidhaa zilizoagizwa mtandaoni.

Tuseme fundi wa Kasoli, kata ya wakulima wa pamba wilayani Bariadi, ameagiza kipuri cha cherehani kutoka ng'ambo. Kifurushi kikifika nchini hupita forodhani, huchambuliwa, kisha hufungwa ndani ya mfuko wenye lakiri na kusafirishwa kwa barabara. Karani anayeupokea hukagua lakiri kwanza, halafu hulinganisha vilivyomo na orodha iliyoambatana nao. Kikikosekana kimoja, au mfuko ukiwa umechanwa, anaandika taarifa kabla ya kugusa kingine.

Kifurushi kinachofuatiliwa hubeba alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi kilikotoka. Kinachotumwa kutoka Tanzania huishia na TZ. Kwa alama hizo karani hukitafuta kwenye kompyuta, humwarifu mwenyewe, hukagua kitambulisho chake na kumpa pa kutia saini.

Tanzania haikuzoea tarishi wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Barua iliishia kwenye sanduku, S.L.P., na mara nyingi sanduku moja la shule au kanisa lilihudumia kijiji kizima. Ndiyo maana karani wa mji mdogo alilazimika kujua nani anasoma wapi na nani ni jamaa ya nani. Sasa ipo postikodi ya tarakimu tano inayofika hadi ngazi ya kata. Za Mkoa wa Simiyu, iliko Kasoli, huanza na 39.

Kutuma nako kuna taratibu zake. Karani hupima uzito, huuliza kilichomo, hukataa petroli na baruti, na kama mzigo unavuka mpaka humpa mteja fomu ya forodha. Kisha stempu, muhuri wa tarehe na risiti.

Jioni kuna hesabu. Stempu ni fedha: zilizobaki pamoja na pesa taslimu lazima zilingane na alichokabidhiwa. Upungufu wowote, yeye ndiye wa kuueleza.

Kaunta ya posta imepunguziwa na kuongezewa mengi. Shirika la Posta Tanzania lilianza Januari 1, 1994, baada ya posta kutenganishwa na simu. Huduma ya akiba ilikwishakwenda Benki ya Posta, ambayo leo ni Tanzania Commercial Bank (TCB). Miaka ya karibuni baadhi ya ofisi za posta zimegeuzwa vituo vya Huduma Pamoja, ambako taasisi kadhaa za serikali huhudumia wananchi chini ya paa moja.

Msomaji unayetarajia mzigo, mpe anayekutumia jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu inayopatikana, S.L.P. na postikodi. Jina la utani halitakutolea kifurushi.