Pembe ya Tandala Ndani ya Kompyuta

Pembe ya tandala inapopulizwa kule Monduli kuwaita vijana kwenye sherehe, sikio husikia noti moja, nene na yenye mkwaruzo. Noti hiyo ni umati. Tuseme hewa iliyomo ndani ya pembe inatetemeka mara 150 kwa sekunde. Papo hapo kuna mtetemo mwingine wa mara 300, mwingine wa 450, wa 600, wa 750, na kuendelea juu mpaka sikio lisipofika. Naiita mitetemo hii sauti tanzu, kwa kuwa yote imechipua kwenye shina moja. Ikiwa mingi na yenye nguvu, sauti huwa kali kama ya pembe. Ikiwa michache, huwa laini kama ya filimbi. Sinthesaiza, iwe ya chuma au ya programu, kazi yake kubwa ni kuupanga umati huo.

Nimeanza na pembe kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na maprodyuza wa Arusha, kuanzia Sakina hadi Usa River: "Fundi, nihamie Serum 2, au nibaki na nilichonacho?" Wanaouliza wana haki. Miaka ya karibuni sinthesaiza za programu zimejazwa uwezo kiasi kwamba anayezifungua mara ya kwanza hajui aguse wapi. Jibu langu ni kwamba nyongeza hizo ni za kweli na baadhi ni kubwa, lakini kwa muziki wetu kuna chombo kimoja kinachozidi zote hizo, nacho kinapatikana bila kulipa hata shilingi. Nitafika huko. Kwanza tuelewane kuhusu kilichomo ndani.

Serum ilitoka mwaka 2014, kazi ya Steve Duda na kampuni yake ya Xfer Records ya Marekani. Msingi wake ni jedwali la mawimbi. Chukua wimbi moja la sauti, ulichore kwa nukta 2,048. Chora jingine linalotofautiana nalo kidogo, na jingine, hadi yafike 256. Sasa yapitishe moja baada ya jingine kama picha za filamu. Sauti inaanza kubadilika sura wakati noti ni ileile. Wazo hili si la jana. Mjerumani Wolfgang Palm aliliingiza kwenye vyombo vyake vya PPG mwishoni mwa miaka ya 1970. Serum iliifanya kazi hiyo ionekane kwa macho, na ndiyo sababu vijana waliipenda: unaona wimbi likijikunja unapozungusha kitufe.

Serum 2 ilitoka Machi 2025. Ina vizalisha sauti vikuu vitatu, na kila kimoja kinaweza kufanya kazi kwa njia tano. Jedwali la mawimbi bado lipo. Zimeongezwa njia ya kupiga sauti iliyorekodiwa, njia ya kupanga rekodi nyingi za chombo kimoja ili kila eneo la kinanda lipate rekodi yake, njia ya punje na njia ya kuchambua sauti tanzu. Hii ya punje inastahili maelezo. Programu inaikata rekodi vipande vya sehemu ndogo za sekunde, kisha inavimwaga upya, vingine vikipandana, vingine vikirudi nyuma. Sauti ya mtu akisema neno moja inaweza kunyooshwa ikawa wingu linalodumu dakika nzima, na bado ukamtambua msemaji. Aliyekuwa na Serum ya kwanza kihalali alipewa ya pili bure. Nawapongeza kwa hilo, maana katika biashara hii wengi hukulipisha tena kila mwaka.

Hata hivyo, vizalisha sauti ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni namna ya kuviongoza, na hapa mtu wa miteremko ya Meru ana bahati kwa sababu mfano anao shambani. Wameru na Waarusha wamemwagilia kwa mifereji kwa vizazi. Maji hutoka juu, yanafika kwenye lango, na mwenye zamu anafungua au kuziba. Ndani ya sinthesaiza sauti ghafi ndiyo maji, na chujio ndilo lango: ukiliziba, sauti tanzu za juu zinabaki nyuma na sauti inakuwa ya giza, ukilifungua, inang'aa. Lakini hutaki kukaa hapo na jembe usiku kucha. Unamweka mwangalizi afungue na kufunga kila baada ya muda fulani, taratibu au haraka. Mwingine unamwambia afungue ghafla noti inapopigwa, kisha azibe polepole inapoachiwa. Programu za leo zinakupa waangalizi wengi, na kila mmoja unaweza kumtuma kwenye lango lolote, hata kumsimamia mwangalizi mwenzake. Sauti inayopumua hutoka kwenye zamu hizo. Prodyuza anayezijua zamu atafanya makubwa na programu ya mwaka 2005. Asiyezijua atakuwa na Serum 2 na bado atategemea sauti zilizopangwa na wengine.

Kisha kuna suala la mashine. Wengi wetu tunafanya kazi na kompyuta mpakato za mtumba. Ukipiga kodi ya noti nne kwa vizalisha sauti vitatu, na kila kimoja umekiamuru kijirudufu mara saba ili sauti iwe pana, umeiomba kompyuta ikokotoe mawimbi 84 kwa pamoja. Rekodi ya kawaida ina nukta 44,100 kwa sekunde. Zidisha: ni nukta zaidi ya milioni 3.7 kila sekunde, kabla chujio, mwangwi na besi havijaanza kudai chao. Kompyuta ikishindwa, sauti inakatikakatika. Tiba zake ni mbili. Ongeza akiba ya muda inayopewa kompyuta. Ukiiweka nukta 512, unaipa takriban milisekunde 12 za kujiandaa, ingawa kinanda kitachelewa kidogo kujibu. Au, sehemu ikishakamilika, igeuze kuwa sauti ya kawaida kisha uizime sinthesaiza. Ninawasisitizia vijana tiba hii ya pili hata kama kompyuta ni mpya. Umeme ukikatika, faili la sauti lililohifadhiwa halina cha kupoteza.

Ukubwa wa kupakua nao uangaliwe. Omnisphere, chombo kinachopendwa na watunzi wa muziki wa filamu, kina maktaba ya zaidi ya gigabaiti 60. Mwenye kununua bando la wiki ajue hilo kabla hajaanza.

Sasa vile vya bure, na hapa naomba msomaji atulie nami. Novemba 2020 Matt Tytel, mtu mmoja tu, alitoa Vital, sinthesaiza ya jedwali la mawimbi yenye vizalisha sauti vitatu na waangalizi wengi. Toleo la bure lina injini ileile ya toleo la kulipia. Linalopungua ni idadi ya sauti na majedwali yaliyotayarishwa. Nyingine ni Surge. Claes Johanson aliiandika ikiwa bidhaa ya kuuzwa, kisha Septemba 2018 akaufungua msimbo wake kwa umma. Watu wa kujitolea waliupokea, wakaujenga, na Januari 2022 wakatoa Surge XT yenye njia 12 za kuzalisha sauti, ikiwemo inayoiga waya unaokwanyuliwa. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Mwaka huohuo waliongeza uwezo wa kutumiwa na programu za kusoma skrini, hivyo mwanamuziki asiyeona anaweza kuizungusha vitufe mwenyewe bila kuomba msaada wa macho ya mtu. Ni vyombo vichache sana vya bei kubwa vilivyowahi kumjali hivyo.

Kwa hiyo sioni sababu ya mtu kutumia programu zilizovunjwa ufunguo. Si suala la sheria peke yake. Nimefungua kompyuta nyingi zilizoingiliwa na virusi kwa njia hiyo, nikakuta kazi za mwaka mzima hazifunguki.

Chombo nilichoahidi ni jedwali la tuni. Kinanda cha kawaida kinaigawa oktavu katika hatua 12 zinazolingana, kila moja senti 100, jumla senti 1,200. Ni mgawanyo uliowafaa watu wa Ulaya kwa sababu zao. Sauti tanzu za pembe yetu hazikupangwa hivyo. Ukihesabu mtetemo wa msingi kuwa wa kwanza, sauti tanzu ya tano iko senti 14 chini ya noti iliyo karibu nayo kwenye kinanda. Ya saba iko senti 31 chini, karibu theluthi ya hatua nzima. Hizi si tofauti za kwenye karatasi. Gerhard Kubik na watafiti wengine wameeleza kwamba ngazi ya muziki wa Wagogo inatokana na sauti tanzu za asili, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Aliyewahi kumsikia mwanamuziki wa Kigogo, hayati Hukwe Zawose, akipiga ilimba na kuimba anaujua utamu huo, na akijaribu kuufuata kwa kinanda cha dukani atakwama kwenye ile ya saba. Wenzetu wa taarab Zanzibar walilijua tatizo hili mapema; ndiyo maana ala yao ya nyuzi iitwayo kanuni ina vijiti vidogo vya kusogeza kila noti juu au chini kidogo.

Studio nyingi hutatua mgongano huu kwa kumsulubu mwimbaji. Mzee au kijana wa Kimasai anaingia, anaongoza wimbo jinsi olaranyani, kiongozi wa uimbaji, anavyouongoza, kisha otochuni inavuta kila noti yake ikae kwenye hatua za kinanda. Inayotoka ni sauti yake bila yeye. Arusha haikustahili kufika hapa. Kundi la X Plastaz, lililoanza mjini hapa mwaka 1996, lilitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, na ndani yake sauti ya Yamat ole Meipuko inasimama kama ilivyo, bega kwa bega na mashairi ya kurapu. Dunia iliwasikiliza kwa sababu hiyo.

Sinthesaiza yenye jedwali la tuni inaugeuza mwelekeo: kinanda ndicho kinachomfuata mwimbaji. Surge XT na Vital zote zinapokea faili la tuni la aina ya scl, ambalo ni maandishi matupu unayoweza kuandika kwenye programu yoyote ya kuandikia. Mstari wa kwanza weka jina, tuseme "pembe". Wa pili weka idadi ya noti, 5. Kisha andika uwiano mmoja kwa kila mstari: 9/8, 5/4, 3/2, 7/4, 2/1. Hifadhi, kisha lipakie kupitia menyu ya tuni. Umepata ngazi ya sauti tanzu za 4 hadi 9 zilizokusanywa ndani ya oktavu moja. Usishtuke vidole vikipotea: noti zikiwa tano, oktavu inakamilika kila baada ya vitufe vitano, vyeusi vikihesabiwa. Ukianzia C ya katikati, oktavu yake utaikuta kwenye F.

Ngazi hiyo ni ya mfano; siidai kuwa ya Wamasai wala ya Wameru. Kwa mwimbaji aliye mbele yako, mrekodi kwanza bila ala yoyote. Chukua programu ya kutunia gitaa kwenye simu, pima kila noti anayoirudia, andika iko senti ngapi juu au chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo. Pima mara kadhaa, maana sauti ya binadamu inayumba, kisha chukua wastani. Katika faili la scl unaweza kuandika senti, zikihesabiwa kutoka noti ya msingi, badala ya uwiano, mradi uweke nukta, kwa mfano 386.0. Kazi hii inachukua kama nusu saa. Baada ya hapo besi na kodi zako zitakaa chini ya sauti yake kama mkeka.

Na pembe yenyewe? Rekodi sekunde chache mahali pasipo na upepo, ingiza faili hilo kwenye Vital, nayo italigeuza kuwa jedwali la mawimbi linalopigika kwenye kinanda. Tumia sauti hiyo kwa heshima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa pia sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara, na mpulizaji ana haki zake kama mpiga gitaa yeyote uliyemwalika studio. Kabla hujaifungua sinthesaiza, muombe ruhusa, kubalianeni malipo, na katika jina la faili andika jina lake, kijiji na tarehe.